Mkono Uliosukuma Kinanda

Mhuni akivunja kitu hana muda wa kupanga vitu mahali pake. Philister Adhiambo alilijua hilo tangu enzi zake za upelelezi kule Kisumu, kabla maisha hayajamtupa Minnesota, Marekani, na kumfungulia kiofisi chake cha upelelezi wa kujitegemea mjini Hopkins. Ndilo lililomrudisha kupiga magoti mbele ya kile kinanda, tochi mdomoni, akiwaza kwamba mwanamke wa umri wake angepaswa kupiga magoti kwa sala tu.

Kinanda kilikaa pembeni mwa jukwaa, katika ukumbi wa kanisa moja huko Golden Valley, kimefunikwa blanketi. Kilikuwa cha aina ya kale, kisicho na nyundo ndani kama piano. Ukibonyeza kibao, kijiti kidogo cha mbao huinuka na kudonoa waya. Mwenye kinanda hicho ni kundi la kwaya na okestra ambalo kila msimu, tangu majani yanapoanguka hadi theluji inapoyeyuka, hupiga muziki wa Ulaya wa karne tatu zilizopita kwa vyombo vya zama hizohizo. Msimu huu lilibakiwa na tamasha moja tu, la Mateso ya Bwana, Ijumaa Kuu. Na wiki iliyopita, waliokuja mazoezini walikuta kinanda kimekatika vijiti upande mzima wa kushoto.

Walisema ni wahuni. Philister hakukubali, na sababu ilikuwa kipande cha mti kisichozidi kidole gumba.

Vyombo vya kale huimba chini kidogo kuliko vya leo. Kwa hiyo fundi aliyekiunda kinanda hiki alikitia ujanja: safu zote mbili za vibao zinaweza kusukumwa kwenda kulia kwa upana wa kibao kimoja, nacho kikapanda kikawa sawa na piano ya kawaida. Upande wa kushoto hubaki mwanya, na mwanya huo huzibwa kwa kabari inayotolewa upande wa kulia. Lakini kabla ya kusukuma, sharti uzitenganishe kwanza safu ya juu na ya chini. Ukisahau, vijiti vinakatika.

Aliyefanya haya alisahau kutenganisha. Lakini kabari aliikumbuka. Aliitoa kulia, akaitia kushoto, akaisukuma mpaka ikakaa sawasawa. Mhuni gani huyo, Philister alijiuliza, anayevunja mlango kisha akafuta viatu kabla ya kuingia?

"Tunaojua kuisukuma ile clavecin tuko wawili," Mama Perpétue, Mkongo mpiga kinanda wa kundi na ndiye aliyemwajiri, alikuwa amemwambia siku ya kwanza. "Mi na Mugisho. Mi sikuisukuma. Bon. Amebaki nani? Kikulacho kiko nguoni mwako, ma fille. Lakini nataka ushahidi. Hata kama ni nani, uniambie mi wa kwanza."

Hesabu hiyo haikuwa na kasoro, Mugisho, aliyekuwa akimfunulia Mama kurasa za muziki, mwenyewe alikuwa amekubali kosa, na jioni hiyo kamati ilikuwa ikae kumfukuza. Lakini Philister alikuwa na jina jingine kichwani, na mwenye jina ndiye huyo aliyekuwa akiingia ukumbini na funguo za gari zikimlia mkononi.

"Sasa auntie. Ulisema unataka kuniona?"

Lenny aliongoza muziki wa ibada ya Kiswahili iliyofanyika ukumbini humo kila Jumapili alasiri, Wakenya na Wakongo pamoja. Kijana mwenye maneno mengi na moyo mwepesi, lakini alikuwa na ugomvi na kile kinanda. Kilimlia nafasi ya ngoma zake.

"Keti, Lenny. Mwezi uliopita ulisema mbele ya watu ungekuwa na shoka ungekigeuza kuni."

"Ah, auntie! Hiyo ilikuwa jokes! Kwani nimekuwa suspect?"

"Wewe gitaa zako ziko kwenye sauti ya kawaida. Na kinanda hiki kimekutwa kimepandishwa kwenye sauti ya kawaida. Mtu wa kukihitaji hivyo ni wewe."

"Mimi hata kukigusa naogopa. Hiyo kitu inakaa kama jeneza."

Philister aliondoa blanketi. Vibao alikuwa amekwisha kuvirudisha chini mwenyewe, kwa maelekezo ya fundi kwa simu, jasho likimtoka. "Basi nipandishie. Fanya kiwe sawa na keyboard yako."

Lenny alikizunguka kinanda. Akainama, akapapasa mbele, akapapasa nyuma. Akatazama ukutani kama kuna waya. "Switch iko wapi?"

Philister alicheka, ingawa hakutaka. Akamfuta Lenny kichwani mwake hapohapo.

"Haya, nenda zako. Samahani kwa usumbufu."

"Lakini auntie," Lenny alisema akiwa amefika mlangoni, "huyo Mugisho si mlishajua ni yeye? Maana hiyo Thursday nilimskia."

"Ulimsikia wapi?"

"Nilikuja ku-pick cable yangu hapo store, mchana tu. Nikiwa corridor nikaskia kama vitu zinavunjika. Krak, krak. Nikasema ni heater. Alafu mtu akaanza kupiga."

"Kwanza kuvunjika, halafu kupiga?"

"Eeh. Sikuingia, nilikuwa nime-park vibaya."

"Alipiga nini?"

"Sio zile zao za kizungu. Ile hymn ya Congo, wanaimbanga kwa matanga." Lenny aliivumisha puani, taratibu, mistari mitatu ya huzuni inayopanda na wa nne unaoshuka. "Tena kwa key yetu. Noti zingine hazitoki, lakini anaendelea tu. Line ya kwanza sawa, ya pili sawa, akifika ya tatu anakwama. Anarudi mwanzo. Anakwama palepale. Hadi nilitoka nikamuacha bado anarudi mwanzo."

"Ulimwona?"

"Hapana. Lakini si ni yeye hukaa na hiyo kitu?"

Alipoondoka, Philister alikaa juu ya ngazi ya jukwaa. Mtu anavunja kinanda cha thamani, halafu hakimbii. Anaketi juu ya uharibifu wake na kupiga wimbo wa matanga kwa vibao vilivyo bubu, kana kwamba hajui kuna kitu kimevunjika. Huyo hakuwa na hasira wala nia mbaya. Huyo alikuwa na kitu kingine, na Philister, ambaye amewaona wazee wa kutosha katika mji huu uliojaa wauguzi wa Kikenya na wazee wa kuuguzwa, alianza kukitambua.

Akakumbuka mazoezi ya Jumanne. Alikuwa ameketi nyuma akitazama. Mugisho hakuwepo, amesimamishwa, na dada mmoja wa sauti ya pili ndiye aliyemfunulia Mama Perpétue kurasa. Mama alipotea katikati ya muziki. Alipotea tena. Kiongozi alipoinua mkono, violini zilianza na kinanda kikabaki kimya, Mama akiitazama mikono yake. Watu wote, kwa mapenzi yao kwake, walikilaumu kinanda cha kuazima kilicholetwa badala ya kilichovunjika. Na Philister naye, mpelelezi mzima, alikilaumu pamoja nao.

Alimkuta Mugisho huko Plymouth, mji jirani, nyuma ya nyumba ya wazee anakofanya kazi ya kuwaogesha na kuwalisha. Zamu ilikuwa imekwisha. Alikuwa ndani ya gari lake na sare yake ya buluu, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, macho mekundu ya mtu asiyelala. Philister aliingia upande wa abiria bila kukaribishwa.

"Mama Philister, mi nilishakuambia. Njo mimi nilivunja. Andika, tumalize."

"Naandika. Nieleze polepole, mkono wangu mzito."

"Niliingia Alhamisi. Nilisukuma vibao bila kutenganisha. Vijiti vikakatika. Nikaogopa, nikatoka."

"Ulisukuma kwa nini?"

"Kuangalia kama accord ya sauti iko bien."

"Vikakatika, ukatoka."

"Mara moja."

"Hukupiga chochote?"

"Nitapiga nini na imeshavunjika?"

Philister alirudisha kalamu mkobani. "Kulikuwa na mtu koridoni, Mugisho. Aliyevunja hakutoka. Aliketi akapiga wimbo huu." Akamvumishia, vibaya kidogo, maana Mungu hakumgawia sauti. "Akapiga tena na tena, na kila mara akakwama mstari wa tatu."

Mugisho aliweka paji la uso juu ya usukani. Philister akamwacha alie. Kwenye kazi hii kuna vilio vya kukatiza na vilio vya kungoja.

"Hukuwepo," Philister alisema baadaye.

"Sikuwepo. Nilikuwa hapa, nalisha watu."

"Ulijua ni yeye?"

"Nilipoona kabari tu, nilijua. Yeye njo alinifundisha ile kabari. Anasema, usiache mwanya, mwanya ni aibu."

"Tangu lini hali hii?"

"Noeli. Kwa konseti ya Noeli. Kiongozi ameshusha mkono, yeye haanzi. Iko anaangalia mikono tu. Nikamgusa bega, akaanza. Toka siku ile naweka kidole kwa karatasi, pale tumefika, mpaka mwisho. Watu wanafikiri ni heshima."

"Hakwenda kwa daktari?"

"Nilimwambia. Akaninunia wiki nzima." Alijifuta kwa mkono wa sare. "Tulipofika hapa sikuwa na mtu. Baba na mama walibaki kule kwenye vita. Yeye alinisikia naimba kanisani, akanikamata kwa sikio, akasema kesho kuja kwangu. Akanifundisha noti, akanipikia, akanisomea barua za ofisi. Sasa mi nimwambie, Maman, kichwa yako imeharibika?"

"Kwa hiyo ulikubali akuite mharibifu mbele ya kwaya nzima."

"Mi ningali kijana, nitapona. Yeye iko na konseti moja. Moja tu. Muache amalize msimu wake, nakuomba."

Ombi hilo lilimchoma Philister. Angeweza kuandika ripoti ya uongo jioni ileile na kulala usingizi. Lakini upelelezi ulikuwa umemzoesha kuangalia jambo hadi mwisho wake.

"Nani atamwekea kidole Ijumaa Kuu, wewe ukiwa umefukuzwa?"

Mugisho aligeuza uso dirishani.

"Umejitoa ili umsitiri, na kule kujitoa ndiko kunakomvua nguo. Jumanne nilimwona. Ijumaa atakwama mbele ya kanisa limejaa, bila bega la kugusa. Mficha maradhi, mwanangu, kifo humuumbua."

"Ukimwambia utamuua."

"Aliniambia nimwambie yeye wa kwanza. Sina ruhusa ya kumdharau."

Mugisho hakumpinga tena. Alimwomba jambo moja tu, asimwambie akiwa amesimama.

Mama Perpétue alikaa Hopkins, katika jengo la zamani la matofali lenye mabomba ya joto yanayogonga usiku na mchana. Alifungua mlango akiwa amevaa kitenge kilichopigwa pasi na miwani shingoni. Alikuwa mrefu, mwenye mgongo ulionyooka, mwanamke aliyewahi kuongoza kwaya ya misioni Uvira na ambaye hata sasa, akikuambia keti, unaketi.

"Ma fille! Umeleta jina?"

"Keti kwanza, Mama."

"Nipike chai?"

"Umeshapika, Mama. Hiyo hapo."

Mama aliitazama birika mezani, inafuka mvuke, na vikombe viwili vilivyokwisha kumiminwa. "Ah, oui," alisema, akaketi. Philister aliona jinsi alivyoligeuza kosa kuwa tabasamu, haraka sana, kwa mazoezi ya muda mrefu. Alipaswa kuyaona haya siku ya kwanza.

"Mama, nitakupa nilichokipata, kipande kimoja kimoja. Wewe unakijua kinanda kuliko mimi. Ukiona nimekosea, nikosoe."

"Vizuri. Sema."

"Kabari ilitiwa upande wa kushoto, ikakazwa."

"Basi haiko mhuni. Ni mtu anajua kazi."

"Alisahau kutenganisha safu."

Mama alikunja uso. "Hapo sielewi. Mwenye kujua kabari anajua ile. Labda alikuwa mgonjwa. Ao amechoka."

"Vijiti vilipokatika hakukimbia. Aliketi akapiga."

"Akapiga na imevunjika? Hapana. Mugisho hawezi. Akisikia noti moja imekufa anashika kichwa." Aliinua kidole, kama mwalimu aliyepata kosa ubaoni. "Unaona? Hapo unanionyesha haiko Mugisho."

"Ndiyo, Mama. Siye."

"Merci, Seigneur." Na kweli uso wake uliangaza, akashika kifua, na Philister akatamani hadithi iishie hapo. "Sasa nani? Mbona alipandisha sauti? Sisi hatupigi juu."

"Wimbo wenyewe ulikuwa wa juu. Wa nyumbani. Pengine sikioni mwake kinanda kilikuwa chini mno kwa wimbo huo, akakirekebisha."

"Wimbo gani?"

Philister alivumisha mstari wa kwanza. Hakuhitaji wa pili. Mama Perpétue aliupokea mwenyewe kwa sauti nyembamba, safi, macho yamefumba, mkono wa kulia ukitembea juu ya kitambaa cha meza. Akamaliza wa pili. Akavuta pumzi ya wa tatu.

Haukuja.

Akarudi mwanzo. Wa kwanza, wa pili. Mkono ukasimama palepale juu ya meza, vidole viwili hewani. Mabomba ya joto yaligonga ukutani. Mama alifumbua macho, akavitazama vile vidole.

"Mama yangu alikuwa anatuimbia hii," alisema. "Mi najua hii wimbo. Nilimzika nayo."

"Najua, Mama."

"Alhamisi mi nilikuwa hapa. Nilikuwa napika."

Philister alisogeza kikombe chake pembeni.

"Nilipika..." Alitazama jikoni. Alitazama mlangoni, kwenye koti lake, kwenye buti zake zilizokauka na chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha theluji. Philister amewahi kuona watu wakikamatwa, wakikana, wakitukana, wakianguka. Hakuwahi kumwona mtu akijipeleleza mwenyewe kwa uaminifu namna ile, akifuata kila hatua hadi mlangoni pake.

"Tuko wawili tunaojua," Mama Perpétue alisema polepole. "Haiko yeye."

"Siye."

"Basi njo mimi."

"Ndiyo, Mama."

Hakulia mara moja. Aliuliza kama Mugisho anajua, na Philister akamwambia ukweli wote: Noeli, bega, kidole kwenye karatasi. Aliposikia habari ya kidole ndipo machozi yalipomtoka, bila sauti, akiyaacha yaanguke kwenye kitenge. "Nilifikiri ni heshima," alisema. "Nilikuwa najivuna. Nilikuwa nawaambia watu, muangalie mtoto wangu ananiheshimu."

"Ni heshima, Mama."

"Nilimwita nyoka mbele ya watu."

Philister alimshika mkono. Hakuwa mtu wa kushika watu mikono, lakini hakukuwa na kingine cha kushika.

Baadaye Mama alijifuta uso kwa ncha ya kitenge, akanyoosha mgongo. "Kamati itakaa saa ngapi?"

"Jioni hii. Naweza kwenda na ripoti yangu."

"Utaenda na mimi. Mi njo nitasema. Na clavecin ya Ijumaa apige Mugisho, anaijua yote, nilimfundisha." Sauti ilimkatika kwenye jina hilo, akaikusanya tena. "Lakini kwanza nipigie yeye. Sasa hivi. Sitaki kungoja jioni."

"Tutamkuta hukohuko, Mama."

"Wee binti, huelewi? Sasa hivi najua. Jioni sijui kama nitakuwa najua."

Philister alitafuta namba, akamwekea simu mkononi. Iliita, ikaita, ikakatika, sauti ya mashine ikaomba aache ujumbe. Mama Perpétue alimtazama, Philister akaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo, ongea. Mama akaishika simu kwa mikono miwili karibu na mdomo, na akaongea taratibu na kwa nguvu, kama anavyoongea na mtu aliye ng'ambo ya mto.

"Mugisho. Ni Maman. Leo kichwa yangu iko sawa, sikia vizuri. Aliyevunja ni mimi. Haiko wewe, ni mimi, na nimeelewa yote ulifanya. Unisamehe. Usifute hii message, mwanangu. Kesho nikisahau, nikianza tena kukuita nyoka, usinyamaze. Unikalishe chini, unisikilizishe sauti yangu. Na nikisema siyo mimi naongea, unirudilie hii sauti, na tena, mpaka niamini."